Gorfa Isiyowekwa Maziwa

Kama unasoma haya umekaa kwenye benchi la hospitali, na umemwambia aliyekuleta kwamba ni kichwa kinauma, sogea karibu nikuambie yangu. Mimi pia nilisema ni kichwa. Baadaye nikasema ni tumbo. Mwisho sikusema kitu, maana sauti yenyewe ilikuwa imekwenda, na hapo ndipo watu wa nyumbani walipoanza kuogopa kweli. Siku hizi nauza maziwa sokoni Isiolo, na wateja wananilalamikia kwamba naongea mno. Wacha walalamike.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha, nami nilikuwa na miaka ishirini. Aba, yaani baba yangu, alikuwa amepoteza ng'ombe wake wote wakati wa vita vya Shifta vya miaka ya sitini, akahamia mjini na kuanza upya na mbuzi wachache. Aliyemshika mkono ni mtu mmoja aliyekuwa akinunua ng'ombe Oldonyiro na kuja kuwauza kwetu. Jina lake sitaliandika. Kazi yake ilikuwa udalali wa mifugo, basi nitamwita Dalali. Alikuwa karibu rika la Aba, mke wake alikuwa amefariki, na alikuwa na adabu ile inayopendwa na watu: alikuwa anatanguliza salamu yeye, hata kwa watoto, na anauliza hali ya kila mbuzi. Jioni nyingi alikuwa kwetu, ameketi nje na Aba wakinywa chai.

Kiangazi kimoja Mama alinituma nyumbani kwake nikachukue mitungi yetu ya maziwa iliyokuwa imebaki huko. Yaliyonipata mle ndani sitayaeleza. Wewe yaliyokufika unayajua, na asiyefikwa hana haja na yangu. Nitasema tu kwamba nilitoka jua likiwa bado kali, watu wanapita barabarani na punda wao, mchana wa kawaida kabisa. Naye akasimama mlangoni akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za mbuzi, "Msalimie baba yako."

Nikamsalimia baba yangu. Nilifika nyumbani nikasema, "Aba, unasalimiwa." Akajibu, "Alhamdulillahi, yuko mzima?" Nikasema yuko mzima.

Gauni nililovaa siku hiyo lilikuwa la samawati, Mama alininunulia Idd. Nililiingiza chini kabisa ya gunia la makaa. Mama alipolitafuta nilimwambia limebebwa na upepo kutoka kwenye kamba. Hakubisha, kwa sababu upepo wa Isiolo unabeba hata mabati.

Mwili ulianza kuniacha kidogo kidogo. Harufu ya maziwa, ambayo nilizaliwa ndani yake, ikawa inanitapisha, na sisi ni wauza maziwa. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Vidole vya mkono wa kulia vilijikunja, havikunjuki mpaka nivifungue kwa mkono wa kushoto. Damu ya mwezi ilisimama, na hofu iliyoniingia kwa ajili hiyo sina haja ya kuieleza kwa mwanamke yeyote. Ilipokuja kurudi niliingia chooni nikalia kwa shukrani, huku nimeziba mdomo kwa kanga wasinisikie. Mtu akigusa bega langu kutoka nyuma, hata Mama, nilikuwa naanguka chini. Sauti ikawa nyembamba, kisha ikawa mnong'ono, kisha asubuhi moja nikafungua kinywa hakikutoka kitu.

Ndipo nikapelekwa hospitali. Na unajua nilipelekwa na gari la nani? Dalali alikuwa na pikapu. Aba alimwomba, naye akasema mgonjwa wenu ni mgonjwa wangu. Mama aliketi katikati, mimi dirishani. Nilishika mpini wa mlango safari nzima. Alikuwa anaendesha polepole, anakwepa mashimo, na kila baada ya muda anauliza, "Haumii huko?" Mama akamwombea dua kwa wema wake.

Benchi la hospitali nalijua kuliko kitanda changu. Unakaa, wa kwanza akiitwa mnasogea wote, makalio yanafuata makalio. Walinipima wakasema malaria, wakanidunga sindano zile zilizonifanya nijikune mpaka nikatoa damu. Niliporudi wakasema ni upungufu wa damu, nikapewa vidonge vyekundu. Niliporudi tena mganga aliniangalia kooni kwa tochi, akamwambia Mama koo ni zima, huyu msichana ana mawazo, mtafutieni mume. Sitamlaumu sana, foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye lango. Lakini neno lile la mume Mama alilibeba mpaka nyumbani na kuliweka mbele ya Aba.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kiturkana, Mama Ekal, tuliyekuwa tunakutana naye pale benchini. Yeye alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Siku moja Mama alikuwa amekwenda kutafuta maji, nami nilikuwa natetemeka, akaniambia, "Mimi nangoja mguu hii. Wewe nangoja nini?" Sikumjibu, ningemjibu na nini. Akasema, "Haidhuru. Tungoje pamoja." Akanisogezea bega lake niegemee, na hakuniuliza kitu kingine. Mpaka leo namkumbuka kuliko dawa zote nilizopewa.

Nyumbani walikuwa wamegawanyika. Mama alitaka nipelekwe Meru kwa madaktari wakubwa. Aba alitaka sheikh, na sheikh alikuja, akasoma, nikanywa maji yaliyosomewa, na kwa haki ya Mungu usiku ule nililala. Majirani nao wakasema ni ayana, ni pepo, wapigiwe ngoma. Aba akakataa ngoma, Mama akaenda kuziita Aba akiwa Oldonyiro, aliporudi ikawa vita. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia nasikia watu wawili waliopendana maisha yao yote wakiitana majina. Na mara nyingine, katikati ya ugomvi, kinasikika kikohozi kifupi cha Dalali nje, kisha, "Salaam aleikum. Mgonjwa ameamkaje?" Wote wawili wananyamaza, wanatoka kumpokea. Alikuwa anakuja na sukari. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake mpaka aondoke.

Mvua ndefu, ile tunayoiita ganna, ilipoanza, alikuja shangazi yangu Gumato kutoka Gotu kumsaidia Mama kuniuguza. Shangazi ni mtu mkavu. Hana pole nyingi. Alinitazama mara moja akasema, "Amekaa bure mno," akafungua furushi lake.

Ndani mlikuwa na mizizi ya porini iliyobanduliwa na kuchanwa nyuzi. Shangazi alikuwa msusi wa gorfa, vyombo vyetu vya maziwa, na kwa wanaojua, gorfa iliyosukwa na mkono wake haivuji hata tone. Aliniwekea mapajani rundo la nyuzi na kijiti cha chuma chenye ncha, akaniambia nianze kitako. Kitako ndicho kigumu. Unazungusha nyuzi mahali padogo kama kitovu, unatoboa, unapitisha, unakaza. Ukilegeza mara moja hapo chini, hata usuke vizuri vipi huko juu, maziwa yatapita. Mkono wangu uliojikunja haukuweza kushika chuma. Shangazi akakisukuma ndani ya ngumi yangu, akasema, "Basi suka hivyo hivyo."

Cha kwanza kilikuwa takataka. Alikitazama, akakifumua chote mbele yangu, akanirudishia nyuzi. Nilikasirika. Sijui kama unanielewa nikisema kwamba hasira ile ilikuwa kitu cha kwanza nilichokisikia ndani ya mwili wangu tangu kile kiangazi. Nikaanza tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati, Shangazi anasuka chake, mimi changu, na kwa muda mfupi nikagundua kwamba sikuwa nimefikiria ule mlango. Muda mfupi tu, kama wa kuchemsha chai. Nikautaka tena.

Nikawa nasuka toka alfajiri. Sitakudanganya kwamba kusuka kuliniponya, kuna siku nilikuwa nachoma chuma kwenye nyuzi kana kwamba nachoma mtu, na kuna siku nilitapika juu ya kazi yangu. Lakini lililokuwa limeganda ndani lilikuwa linapata pa kwenda. Vidole vilianza kufunguka. Siku moja Shangazi alivuta nyuzi zangu vibaya nikasema, "Hapana." Sote wawili tukashtuka. Kisha yeye akaendelea kusuka, na mimi nikaendelea, kwa sababu ningelia nisingemaliza.

Sasa sikiliza kosa lililofanyika, maana ni kosa la kwetu, halingetokea kwingine. Kwa Waborana msichana akiposwa, mama yake na wanawake wa ukoo wanakaa kumsukia gorfa za kwenda nazo kwake. Wanawake wa mtaa walipita wakaniona nimeinamia nyuzi kutwa, siinui kichwa. Mimi nilikuwa najitibu. Wao wakaona bibi harusi. Wakaanza kumwambia Mama, msichana wako amepata nafuu, ameanza kujiandaa mwenyewe, mnangoja nini? Mama, aliyekuwa bado ana neno la mganga kifuani, akafurahi. Akakaa na sisi akaanza kusuka. Wakaja majirani na nyuzi zao. Gorfa zikaongezeka ukutani, na mimi, mjinga wa Mungu, nikadhani ni mapenzi tu.

Nilijua siku nilipoona tumbaku. Mchumba kwetu anatuma tumbaku na buni za kahawa, na nyumba ikipokea, imekubali. Furushi la tumbaku lilikuwa limening'inizwa kwenye nguzo ya ndani, na buni ziko kwenye kikapu. Nilimwangalia Mama. Uso wake ulikuwa unang'aa, alikuwa amenona kwa furaha ndani ya siku chache. Akasema, "Mungu ni mkubwa, Lokho. Ni yule yule rafiki wa baba yako. Amekuona katika ugonjwa, na anakutaka na ugonjwa wako. Nani mwingine angefanya hivyo?"

Sauti ikakimbia tena. Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Mama akanifuta jasho akasema ni haya ya wasichana.

Siku zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote, mbaya kuliko ile yenyewe. Alikuwa anakuja kila jioni sasa, kama mwenye nyumba. Nilikuwa nikiinua macho kutoka kwenye nyuzi namwona amekaa mlangoni, ananitazama nikisuka vyombo vya nyumba yake, anatabasamu. Siku moja alisema kwa sauti ya chini, Aba akiwa amekwenda kuswali, "Unasuka vizuri. Nyumbani kwangu kuna kazi nyingi." Nilijua nikiingia kwa mlango ule mara ya pili sitatoka hai. Wala sisemi hivyo kwa kupamba.

Asubuhi nilikwenda kwenye gunia la makaa nikalitoa gauni. Nikaketi nyuma ya nyumba, nikalifumua pindo uzi kwa uzi. Sikuwa na mpango. Mkono ndio uliotaka. Nikachukua gorfa yangu iliyokuwa imefika nusu, na pale penye nyuzi za mizizi nikaingiza nyuzi za samawati, mzunguko baada ya mzunguko, nikakaza. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kusuka. Na ilikuwa najisi, nilijua. Chombo cha maziwa hakiguswi na uchafu. Hata kukiruka kwa mguu ni kosa.

Siku ya kufukiza vyombo kwa moshi wanawake walikusanyika kwetu, wa upande wetu tu, si wa upande wa bwana harusi. Nje wanaume walikuwa wameketi na Dalali, na Mama alikuwa amebandika kikaango, buni zinapasuka ndani ya samli kwa ajili ya dua. Shangazi alikuwa anapokea gorfa moja moja, anaigeuza, anaikagua kitako, anapitisha. Akafika kwenye yangu. Akapitisha kidole kwenye samawati.

"Hizi nyuzi ni za nini?"

Nikachukua gorfa nyingine nikaipitisha juu ya moshi.

"Lokho. Nimekufundisha mimi. Sikukufundisha hivi. Hizi ni nyuzi za nini?"

Mama alikuja akaishika. Akakwaruza samawati ile kwa ukucha, vumbi la makaa likatoka. Nikaona akiitambua rangi. Akasema taratibu, "Hili si ni lile gauni lililobebwa na upepo?"

"Halikubebwa na upepo," nikasema. Sauti ilitoka kwa mkwaruzo, lakini ilitoka. "Nililificha. Lilikuwa limechanika. Nilikuwa nalo siku ile uliponituma kuchukua mitungi."

Buni zikaanza kuungua. Mama alinitazama, kisha akatazama mlango, tulikokuwa tunasikia kile kikohozi kifupi. Nikamwona akirudi nyuma kwa mawazo, siku kwa siku, pikapu, sukari, zile dua zote alizomwombea. Akaenda mekoni akakishika kikaango kwa mikono mitupu, bila kitambaa, akakimwaga nje kwenye matope mbele ya wanaume, kisha akarudi ndani akakaa chini. Viganja vyake viliungua vibaya. Ana makovu mpaka leo.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Aba aliambiwa na Shangazi, akakaa bila kula. Kisha wazee wawili wakatumwa kurudisha tumbaku na ujumbe huu: msichana bado ni mgonjwa, hataweza kuolewa. Basi. Mgonjwa. Dalali akapokea tumbaku yake, akasema Mungu amponye, akaacha kuja kwetu. Biashara ya Aba ilikufa. Aba mwenyewe hakuniongelesha mvua moja nzima. Nilidhani ananichukia, kumbe alikuwa hawezi kunitazama kwa aibu yake mwenyewe, lakini hilo alikuja kuniambia nywele zake zimeshageuka nyeupe zote.

Nilipona kwa mtindo wa hatua mbele, hatua nyuma. Vuli nilianza kukaa sokoni na Mama, nimeziba pua kwa ushungi. Kiangazi kilichofuata nywele zilikuwa zimerudi. Ile gorfa Mama alitaka tuichome, Shangazi akakataa. Ilibaki ukutani kwangu, tupu. Nikaendelea kusuka nyingine safi, na wanawake wakawa wananunua.

Ganna nyingine ilipokaribia, Shangazi alikuja ghafla kutoka Gotu. Hakukaa hata chini. "Yule mtu ametuma tumbaku kwa jirani yangu," akasema. "Mtoto wao anaitwa Tume. Amemaliza shule juzi tu."

Nikasema nitakwenda. Aba akasimama mlangoni. "Mambo haya yamekwisha, Lokho. Ukiyasema huko, mji mzima utajua. Hakuna mwanamume atakayekuoa."

"Nitauza maziwa, Aba."

Akaushika mwimo wa mlango. Kisha akasogea. Nilitoa gorfa ukutani, nikapanda lori la mifugo na Shangazi.

Mama yake Tume alitupokea vizuri, akatupa chai. Gorfa mpya zilikuwa zimepangwa ukutani kwake. Nikamwekea ile yangu mapajani, nikamwambia nyuzi zile ni za nini, na za siku gani, na za nyumba ya nani. Nilisema polepole. Tume alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia. Nikiwa bado nasema, alitoka akaja kuketi karibu nami, karibu sana, akaishika gorfa akaigeuza akaitazama kitako. Mama yake alimwangalia binti yake, akaniangalia mimi, akaelewa kwamba nimefika nimechelewa kwa yaliyokwisha kumpata Tume, lakini nimewahi kabla ya harusi. Akainuka, akaifungua tumbaku kwenye nguzo, akaniletea.

"Kwetu hakuna mgonjwa," akasema. "Mpelekee wewe."

Nilimkuta Dalali hotelini Isiolo, karibu na soko la mifugo, ameketi na wazee na madalali wenzake, gilasi ya chai mkononi. Aliniona nikiingia, akatanguliza salamu kama kawaida yake. Nikaweka furushi la tumbaku mezani mbele yake. Wote wakalitazama, maana kila mtu pale alijua mwanamke haleti tumbaku.

"Inatoka kwa kina Tume, Gotu," nikasema. "Wanakurudishia. Si kwa sababu binti ni mgonjwa. Na mimi pia sikuwa mgonjwa. Waambie wazee hawa ulichonifanya, au niwaambie mimi."

Aliinua gilasi, akairudisha bila kunywa. Mzee mmoja akasogeza kiti chake mbali naye, kisha mwingine. Basi nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kuwaambia.